Usiku wa Wallett: jukwaa lililoporomoka Leeds mwaka 1848

Jumamosi ya tarehe 18 Machi 1848, mjini Leeds, kaskazini mwa Uingereza, Susannah Darby alikuwa mahali pa kukatia tiketi katika sarakasi ya mumewe. Onyesho lilikuwa limekwisha kuanza. Juu ya kichwa chake, kwenye mabenchi ya mbao yaliyopangwa kwa ngazi, walikaa watu waliotajwa magazetini kuwa zaidi ya 600. Jukwaa hilo la watazamaji likaporomoka. Mbao mbili nzito zilimpiga kisogoni na shingoni, akafa papo hapo.

Watazamaji waliumia, wengine walitoka na michubuko na hofu. Aliyekufa alikuwa yeye, mke wa mwenye sarakasi, tena mahali ambapo hakuna mtu angepaogopa. Kisa hiki kimenikaa moyoni kwa muda mrefu. Tukizungumzia sarakasi za karne ya 19 tunakimbilia hatari za waliokuwa duarani: farasi anayeteleza, kamba inayolegea, pete ya moto. Leeds inatupeleka upande wa pili wa duara, kwa waliolipa ili wakae na kwa aliyepokea pesa zao. Ndiyo maana nataka tukipitie kisa hiki polepole, tukianzia mlangoni.

Mwenye sarakasi

Mume wa Susannah alijulikana kwa jina la kazi, Pablo Fanque. Jina lake la nyumbani lilikuwa William Darby, mzaliwa wa Norwich, mashariki mwa Uingereza, na baba yake inasemekana alikuwa Mwafrika aliyefika huko kama mtumishi. Alipelekwa akiwa mtoto kwa William Batty, mwenye sarakasi, akajifunze kazi. Mwaka 1821 alikuwa tayari amepanda jukwaani mjini kwao kama "kijana Darby". Alijifunza kupanda farasi, kutembea juu ya kamba, kuruka, na zaidi ya yote kufundisha farasi. Mwaka 1841 akaanzisha sarakasi yake mwenyewe, Mwingereza mweusi wa kwanza kufanya hivyo.

Naomba msomaji asilipite hilo haraka. Wakati mtu huyu anaajiri Waingereza weupe na kuwalipa mishahara, soko la watumwa la Unguja lilikuwa wazi, na lingebaki wazi hadi 1873. Mwezi Machi 1847, mwaka mmoja tu kabla ya Leeds, gazeti la picha la London lilimsifu kwa jinsi alivyomwongoza farasi wake jike mweusi, Beda, aliyecheza kwa kufuata muziki, na likaandika kwamba halijapata kuona wa kulingana naye. Gazeti hilohilo halikusahau kutaja rangi yake. Kasisi mmoja wa watu wa maonyesho, Thomas Horne, aliandika baadaye kwamba katika udugu wa wapanda farasi hakuna mpaka wa rangi, kipimo ni uwezo. Namwamini kwa upande wa ndani ya duara. Nje ya duara, kila taarifa juu ya Pablo ilianza na ngozi yake kabla ya kufika kwa farasi wake.

Susannah alikuwa binti wa mtengeneza vifungo wa Birmingham. Katika sarakasi za familia za wakati ule kila mtu alikuwa na kazi: baba duarani, watoto wakijifunza kwenye kamba, mama mlangoni kwenye pesa. Pesa hazikabidhiwi mtu wa kupita. Anayekaa mlangoni ndiye mwenye mali.

Watu walikwenda kuona nini

Msomaji wa Nairobi au Dar es Salaam akisikia neno sarakasi, picha inayomjia ni vijana wanaopandana mabegani mpaka wanajenga mnara wa watu, wanaopiga vichwangomba, wanaopenya kwenye pete ya moto. Uingereza ilianza na farasi. Philip Astley, askari wa zamani wa kikosi cha farasi, alianza maonyesho yake London mwaka 1768, na duara lake likaja kukaa kwenye kipimo cha futi 42, karibu mita 13, ambacho sarakasi nyingi bado zinakifuata. Kipimo hicho kina maana. Farasi akizunguka kwa mwendo mmoja kwenye duara la ukubwa huo, mtu aliyesimama mgongoni mwake huegemea ndani kidogo, na nguvu ya mzunguko humshikilia asianguke. Yaliyobaki, kamba, vichekesho, miruko, yaliingizwa ili farasi wapumzike.

Tunaweza kuonja jioni moja ya Pablo kwa sababu tangazo lake moja limesalimika. Ni la Rochdale, Jumanne tarehe 14 Februari 1843. Mwanamuziki John Lennon alilikuta dukani Sevenoaks mwaka 1967 akalinunua, akatunga wimbo kutokana nalo, na kwa sababu hiyo leo linajulikana dunia nzima. Tangazo linaahidi usiku mkubwa kuliko yote ya msimu, na linaonya kwamba zimebaki siku tatu tu baada ya huo. Bwana Kite ataleta farasi aitwaye Zanthus, kisha atapanda kwenye kamba akiwa na mabwana wawili wa mjini hapo, watu wa kawaida wasio wa kazi hiyo. Bwana Henderson atapiga vichwangomba 21 kwenye ardhi ngumu, halafu kwa msaada wa ubao wa kurukia atapita juu ya watu na farasi, ndani ya pete, na mwisho ndani ya pipa lenye moto wa kweli.

Hao mabwana wawili wa mjini ndio wanaonivutia kuliko moto. Mtu wa Rochdale alilipa kumwona jirani yake, pengine muuza nyama au karani, akitetemeka juu ya kamba. Hapo ndipo mji mzima unapojaa ukumbini: ndugu, wadeni, wachumba, na wanaotaka aanguke.

Leeds ilikuwa kubwa kuliko Rochdale, manispaa yenye watu zaidi ya 150,000, na viwanda vyake vilikuwa vya sufu na kitani. Sheria mpya ya viwanda ya 1847 ilikuwa imeshusha saa za wanawake na vijana katika viwanda vya nguo hadi 63 kwa wiki, na ilipangwa zishuke tena hadi 58 kuanzia Mei 1848. Kwa hiyo msichana wa kiwandani aliyeingia pale King Charles Croft, ilipokuwa sarakasi, Jumamosi ile huenda alikuwa ametoka kumaliza saa zake 63. Viti vilikuwa vya madaraja. Penye bei ya juu ulipata kiti chenye mto. Penye bei ya kati na ya chini ulipata ubao, bega la jirani na harufu ya farasi, unga wa mbao uliomwagiwa maji, na taa. Maskini alilipa peni chache, mwenye nafasi shilingi moja au zaidi, na shilingi moja ilikuwa peni 12. Shilingi tunayoitumia Kenya, Tanzania na Uganda ilitoka huko.

Usiku wa msanii

Sasa tufike kwenye jambo ninaloliona kuwa kiini cha kisa. Onyesho la tarehe 18 Machi halikuwa la kawaida. Lilikuwa usiku wa William Wallett, mchekeshaji wa sarakasi, mtu aliyejiita mchekeshaji wa Malkia na aliyekuwa kipenzi cha miji ya kaskazini.

Desturi ilikuwa hivi. Msanii alipangiwa usiku wake mmoja katika msimu, na mapato ya usiku huo, baada ya gharama, yakawa yake. Hata lile tangazo la Rochdale lilikuwa la usiku wa Kite na Henderson. Mtu wa taarabu ataelewa bila kuelezwa sana: shabiki anainuka, anakwenda taratibu na noti mkononi kumtunza mwimbaji, na ukumbi mzima unaona nani katoa. Waingereza walitunza mlangoni, kwa kukata tiketi. Kwa sababu hiyo msanii mwenyewe alizunguka mjini siku nzima kuuza tiketi, aliweka vitu ambavyo havijaonyeshwa bado, na aliwabana marafiki wote waje. Usiku wa msanii anayependwa ulikuwa usiku wa kujaa hadi mtu wa mwisho.

Hii inaeleza jambo moja dogo katika taarifa za magazeti. Waliokuwa chini ya jukwaa, mahali pa kupokelea pesa, walikuwa wawili: Susannah, na mke wa Wallett. Simulizi za baadaye zinapenda kusema Susannah alikuwa akimtazama mwanawe akicheza kwenye kamba mauti yalipomkuta, na ni picha inayogusa. Mimi nafuata gazeti la Leeds la wiki ileile, linalowaweka wanawake hao wawili kwenye sehemu ya tiketi. Na kuwapo kwa mke wa Wallett pale kunaingia akilini vizuri. Pesa za usiku ule zilikuwa za nyumbani kwake. Mwenye sarakasi kamweka mkewe, mwenye usiku kamweka mkewe, na kila mmoja anahesabu. Mke wa Wallett naye aliumia, lakini alipona.

Jukwaa lenyewe

Sarakasi za miaka ya 1840 zilizokaa mji mmoja kwa wiki kadhaa, hasa wakati wa baridi, zilijengewa ukumbi wa mbao wa muda. Mafundi walisimamisha nguzo, wakapandisha mabenchi kwa ngazi kuzunguka duara, wakaezeka, na msimu ukiisha mbao zikauzwa au zikahamishwa. Hema lilikuwa limekwisha kufika Uingereza mwaka 1842 na Mmarekani Richard Sands, lakini hema la Machi katika mji wa Leeds si mahali pa kumweka mteja kwa muda wa saa tatu. Mbao zilihifadhi joto. Zilihifadhi pia moto: ukumbi wa Astley huko London uliteketea mwaka 1794, ukateketea 1803, ukateketea tena 1841. Mwenye sarakasi yeyote aliogopa taa. Nguzo hazikumtisha mtu kama taa.

Mabenchi ya ngazi yanaacha uwazi chini yake, na katika ukumbi wa kupangwa kwa haraka hakuna anayeacha uwazi ukae bure. Ndipo palipowekwa njia ya kuingilia na mahali pa kulipia. Kwa akili ya biashara ni mpango mzuri: mteja analipa akiwa ameshaingia kwenye kivuli cha jukwaa, anasikia vishindo na vicheko juu yake, anaharakisha kutoa peni zake.

Tufanye hesabu ya makisio. Watu 600, tuchukue kilo 60 kwa mmoja, ni tani 36. Ni uzito wa tembo dume sita wakubwa. Na tembo sita wakitulia ni afadhali, kwa sababu watazamaji hawatulii. Wanapiga miguu kwa pamoja, wanainuka kwa pamoja mtu wa kwenye kamba anapoyumba, wanaegemea mbele kwa pamoja. Nguzo iliyosimama wima hubeba vizuri uzito unaoshuka wima. Uzito ukianza kwenda mbele na nyuma, nguzo inataka kulala, na kinachoizuia ni mbao za mshazari zinazoifunga kwa wenzake. Zikiwa chache, au zimepigiliwa kwa msumari mmoja, safu nzima hulala upande mmoja kama karata.

Nimewahi kukaa kwenye jukwaa la namna hiyo, mashindano ya ngoma za shule, nikiwa mtoto. Karibu na goti langu kulikuwa na msumari uliochomoza kiasi cha ukucha. Kila shule yetu iliposhangiliwa, msumari ule ulipanda kidogo. Tukitulia, ulirudi chini. Niliutazama kuliko nilivyotazama ngoma. Sikumwambia mtu mzima yeyote, kwa sababu watu wazima wote walikuwa wakipiga miguu.

Kwa hiyo sioni kwamba Leeds ilikuwa bahati mbaya iliyoshuka kutoka mawinguni. Kila kilichoufanya usiku ule uwe mzuri kiliongeza mzigo juu ya kichwa cha Susannah. Wallett akipendwa zaidi, tiketi zinauzwa zaidi. Tiketi zikiuzwa zaidi, tani zinaongezeka. Na aliyezikata tiketi hizo amekaa palepale chini. Aliwapandisha mwenyewe, mmoja mmoja, kwa mkono wake.

Mji uliokuwa umekwisha kuonywa

Miaka mitatu kabla, tarehe 2 Mei 1845, katika mji wa Great Yarmouth, mkoa uleule aliozaliwa Pablo, sarakasi ya William Cooke ilitangaza kioja cha bure. Mchekeshaji Arthur Nelson angepita mtoni Bure akiwa ndani ya beseni la kufulia linalovutwa na mabata bukini wanne. Mji ukatoka. Mamia walijaza daraja la kuning'inia lililobebwa na minyororo ya chuma, wengi wao watoto, kwa sababu kitu cha bure ni cha watoto. Beseni lilipokaribia, wote wakasogea upande mmoja wa daraja. Chuma kikakatika. Walikufa watu 79. Uchunguzi ulikuta kiungo kilichounganishwa vibaya na mhunzi tangu kiwandani, kikabeba miaka yote ile kwa sababu hakuna siku watu walisimama wote upande mmoja.

Ukiweka Yarmouth na Leeds pamoja unaona ugonjwa ni mmoja. Kitu kilichojengwa kwa uzito wa kawaida kinakutana na usiku au mchana usio wa kawaida, na kinachouleta umati ule ni mchekeshaji. Sitaki kumlaumu Nelson wala Wallett. Kazi yao ilikuwa kuita watu, na waliifanya vizuri. Aliyetakiwa kuuliza kama daraja au jukwaa linaweza kuwabeba waitwa hakuwapo. Sheria ya kumbi za michezo ya 1843 ilishughulika na vibali vya kuigiza tamthilia. Mbao zilizosimamishwa uwanjani kwa wiki sita hazikuhitaji fundi wa serikali kuzipanda na kuzitikisa.

Jambo hili Warumi waliliona mapema mno. Mwaka 27 baada ya Kristo ukumbi wa mbao uliporomoka Fidenae, karibu na Roma, ukaua na kujeruhi maelfu kwa maelfu, na baraza la wazee likaamua kwamba asiye na mtaji wa kutosha asiandae michezo, na ukumbi usijengwe ila kwenye ardhi iliyopimwa uimara. Uingereza ilifika hapo mwaka 1890, pale sheria ya afya ya umma iliporuhusu miji itakayoikubali kudai kwamba jukwaa lolote la kukalisha umati liridhiwe kwanza na mkaguzi wa manispaa. Miaka 42 baada ya Susannah.

Waliobaki

Jukwaa lilipoanguka Pablo alikimbilia kwenye mbao akaanza kuziondoa pamoja na wengine. Mkewe alibebwa hadi nyumba ya wageni ya jirani, King Charles Inn, akaitwa daktari. Daktari alithibitisha tu.

Susannah alizikwa katika makaburi ya Woodhouse, na mumewe akamwekea jiwe kubwa linaloeleza jinsi alivyokufa. Mwezi Juni mwaka huohuo Pablo alioa tena, mjini Sheffield, mpanda farasi kijana aitwaye Elizabeth Corker. Wapo wanaolisoma hilo wakakunja uso. Mimi siwezi. Sarakasi inayotembea haina mahali pa kukalia eda. Farasi wanakula kila siku, wapiga tarumbeta wanasubiri mishahara, watoto wanatakiwa kulala mahali, na kile kiti cha mlangoni kinataka mtu wa kuaminika jioni inayofuata. Aliendelea na safari zake, Ireland na miji ya kaskazini, akapanda, akaanguka, mwaka 1859 akafilisika, akainuka tena kidogo.

Pablo Fanque alifariki Stockport tarehe 4 Mei 1871. Hakuzikwa Stockport. Mwili ulipelekwa Leeds, na msafara ulipita mjini mbele ya umati mkubwa, bendi ikipiga muziki wa maombolezo, nyuma yake farasi wake aliyempenda, amefunikwa kiasi kwa vitambaa vya maombolezo. Farasi huyo aliitwa Wallett.

Makaburi ya Woodhouse leo yako ndani ya eneo la chuo kikuu cha Leeds, bustani tulivu ambayo wanafunzi huikatiza wakienda darasani. Jiwe la Susannah bado limesimama. La Pablo ni dogo, limewekwa mbele yake.